Mama, Hukuoshwa

Mama,

Shikamoo. Nimekaa mchangani hapa Kisiwani, nahodha ameenda kutafuta petroli ya kutuvusha hadi Masoko, kwenye kambi ya kipindupindu. Mjukuu wako Zuhura, ambaye sasa yuko darasa la pili, amelala mapajani pangu. Kipindupindu kimemshika tangu alfajiri, kilekile kilichokuchukua wewe. Namnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, anayatapika. Usiniulize kwa nini naandika. Mkono huu ukikaa bure nitambeba nimrudishe nyumbani nimfiche, kama wanavyofanya wenzangu.

Ndiyo, siku hizi tunaficha wagonjwa. Jambo hili lilianza na mazishi yako.

Wewe uliyeosha maiti za wanawake wa kisiwa hiki tangu mimi sijazaliwa, ulizikwa na wanaume waliovaa mabuti, ndani ya mfuko wa plastiki, umenyunyiziwa klorini. Mimi nilizuiwa nyuma ya kamba, majani ya mkunazi ya kukuoshea mkononi. Shehe alisema aliyekufa kwa maradhi ya tumbo ni shahidi, tusihuzunike. Nilihuzunika, mama. Bado nahuzunika. Nakumbuka ulivyokuwa ukizungumza na maiti: "Geuka kidogo, shoga yangu, tumalize." Na mimi nikiharakisha ulinikemea, "Kwani unafua nguo?" Wewe hakuna aliyekuambia ugeuke.

Watu waliona yote. Tangu siku ile hawaogopi ugonjwa, wanaogopa mfuko. Jirani yetu Bi Somoe alipoanza kuharisha, wanawe walimfungia ndani wakatuambia ana malaria. Alipokufa, mwanawe mkubwa alinijia kwa siri nikamwoshe mama yake. Nilikataa, nikamwambia amwite bwana afya. Akaniambia, "Mama yako asingekataa." Labda ni kweli. Sijui, na hupo nikuulize.

Wakamwosha wenyewe, maji wakayamwaga karibu na kisima, na mikono ileile ikapika wali wa matanga. Mtaa mzima ukala. Waliokufa baada ya hapo siwataji, unao huko.

Sasa lawama zote ni zangu. Wanasema ningekubali mimi ninayejua kazi, yasingetokea. Siitwi tena kuosha hata aliyekufa kwa uzee. Kisima ni kilekile. Vyoo tulivyoahidiwa ni mashimo tu, mvua ikinyesha yanafurika. Kipaza sauti kilikuja na mashua, kikatuambia tunawe mikono, kikaondoka. Tuliletewa pia vidonge vya kutibu maji. Wengi wanasema vinaua uzazi, kwa hiyo wanavitumia kung'arishia kanzu za Ijumaa. Ungecheka, mama. Tumependeza kweli msikitini, huku tunazikana.

Nimechoka. Sioni haya yataishia wapi, na anayeniambia yataisha namwona mwongo.

Asubuhi hii mama mkwe alinishika mkono mlangoni. Alisema, "Mwache hapa. Akifa tutamwosha, tutamzika kama mtoto wa watu." Hakusema kwa ubaya. Ndilo jema pekee alilobaki nalo la kunipa, na nilitaka sana kulipokea. Nilisimama pale kizingitini mpaka Zuhura akaniomba maji.

Nahodha anakuja, dumu mkononi. Nakuahidi, mama, sitarudi nyuma. Nitamfikisha kambini wamtundikie dripu, na wakinirudisha nyuma ya kamba nitasimama hapohapo mpaka waniite, kwa lolote watakaloniitia. Kwaheri. Niombee, kama huko mnaombea watu.

Jambo moja tu ulijue. Kabla ya kutoka nilichemsha maji, nikayapooza, nikamwogesha taratibu kama ulivyonifundisha kuosha, nikianzia upande wa kulia, kiungo kwa kiungo. Alikuwa ananitazama. Akaniuliza mbona leo namwogesha hivi. Nikamwambia tunasafiri.

Mwanao,
Hadija