Alisikiliza kwa Makini

Maskati, Jumanne, Machi 1968

Ati hakuna hukumu yake hata moja iliyotenguliwa! Mke wa daktari wa Kimarekani kaniletea kitabu cha maisha ya babu yake, jaji wa wilaya huko kwao zama za farasi. Anataka rai yangu, kwa vile nilikuwa karani wa mahakama Unguja.

Sifa tupu. Babu kasoma sheria miezi minane, kisha kakalia kiti miaka thelathini. Na kila kesi "alisikiliza mashahidi wote kwa makini."

Upuuzi. Nnamjua anayeandika maneno hayo. Ni karani.

Hakimu wetu alikuwa akikoroma tangu shahidi wa kwanza, nami naandika palepale: "Mahakama imesikiliza kwa makini." Ndivyo Mzee Nassor alivyopoteza shamba lake la mikarafuu.

Leo nimemkuta Mzee Nassor huyo huyo barazani kwa jirani, hapa hapa Maskati. Kanimiminia kahawa kwa mkono wake.

"Siku ile, mwanangu," kasema, "wewe peke yako ndiye uliyenisikiliza. Nilikuona unavyoandika."

Na mimi, mcheka majaji, kahawa nikainywa.