Namba ya Leseni Iko Chini ya Godoro la Shangazi

Mama Akanesi mpendwa, nisaidie upesi maana nimebakiwa na siku tisa tu, na jambo lenyewe nikiwaeleza watu wanacheka kwanza, halafu wakishajua ni kitambaa cha ngatu cha nani wanaanza kuzungumzia mvua.

Mimi ni mwalimu msaidizi, nina miaka thelathini na moja, nasoma stashahada ya ualimu kwa mtandao, huu ni mwaka wangu wa nne katika kozi ya miaka miwili, na mtihani wa mwisho ni Alhamisi ya wiki ijayo, nikifaulu, darasa la tatu ni langu, mkuu wa shule amenishikia nafasi tangu Februari, nikikosa anampa mwingine na ameshaniambia ni nani, na ni mtu ambaye hata salamu yake siiwezi. Sasa programu ya mtihani inakataa kabisa kompyuta ambayo mfumo wake hauna leseni, na leseni yangu, Mama, nilikuwa nayo, tena nzuri, ilikuwa kwenye stika chini ya laptop ambayo binamu yangu aliniletea kutoka Auckland, herufi na tarakimu ishirini na tano, ila stika ilianza kufutika kwa kuwa napenda kuiweka laptop mapajani na joto la huku mnalijua, nikasema niiandike mahali pasipopotea. Karatasi kwetu haimalizi wiki, kama si mchwa ni unyevu, na kama si unyevu ni dada yangu kawashia moto. Simu zangu zote huishia baharini. Nikakaa nikafikiria ni kitu gani nyumbani kwetu hakijawahi kupotea tangu enzi za bibi, nikapata jibu moja tu, ngatu, vitambaa vyetu vya magome ya mti.

Wiki ile kina mama walikuwa ukumbini wanaunganisha ngatu kubwa, magome yameshapondwa na kubandikwa, wanapaka rangi, na mimi kwa kuwa ni mwalimu na nina mwandiko mzuri nilipewa kazi ya kuandika namba za vipande pembeni kama ilivyo desturi, moja, mbili, tatu, mpaka hamsini. Nilipofika kipande cha tisa nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaandika leseni yangu yote kwa rangi ile ile isiyofutika. Mama akaniona.

"Nini hiyo?"

"Namba, mama."

"Mbona ina herufi?"

"Ndiyo hesabu ya siku hizi."

Akaridhika, akaendelea kupaka rangi.

Ngatu ile ilikuwa iwekwe kwa ajili ya harusi yangu, ikija kutokea, lakini mwezi wa nane baba yangu akafariki ghafla, na Shangazi Fusi, dada yake mkubwa, ndiye aliyekaa kichwani pa marehemu kama fahu, mkuu wa msiba wote, na kwa haki yake akapewa kilicho bora, na kilicho bora nyumbani kwetu kilikuwa ngatu ile. Sikulilia ngatu, Mama, nilimlilia baba, lakini nitakuwa mwongo nikisema sikukiona kipande cha tisa kikipita mlangoni, kinakwenda kulazwa chini ya godoro kama ngatu zote.

Mwezi uliofuata diski ya laptop ikafa. Fundi Lafaele akaweka nyingine, akaniita dukani kwake akitabasamu.

"Dada, mashine imepona. Sasa inauliza leseni. Unayo?"

"Iko chini ya godoro."

"Basi kailete, shida iko wapi?"

"Godoro la shangazi yangu. Dada wa baba."

Lafaele akaanza kukusanya bisibisi zake. "Pole sana," akasema, kama vile nimefiwa tena.

Kununua leseni mpya kunataka kadi ya benki ambayo sina, na binamu wa Auckland anajibu "naangalia" tangu mwezi uliopita. Nikasikia kwamba kina mama wa kijiji cha pili waliiona ngatu yetu msibani, wakadhani zile herufi ni nakshi mpya ya kifahari, wakaiiga, nikakimbia kwa baiskeli kwenda kuiangalia, nikakuta zimeshageuka majani, samaki na kitu kama popo. Mama yangu anasema afadhali nifundishe bila stashahada mpaka nizeeke kuliko kumdai fahu alichopewa. Binamu yangu mwingine, Sesilia, anasema tumzawadie shangazi godoro jipya, watakaokuja kulibadilisha watalazimika kuinua la zamani.

Basi Jumapili baada ya kanisa, tumeshakula vya umu, vilivyookwa shimoni, watu wote wamelala usingizi wa mchana, nikaingia chumbani kwa Shangazi Fusi kwa magoti, nikainua kona ya godoro polepole, nikaona nne, nikaona tano, nikaona sita, na shangazi, macho amefumba, akasema:

"Nani huyo?"

"Ni mimi, shangazi. Nilikuja kuona kama uko salama."

"Mimi niko salama. Godoro ndilo linatikisika."

Nikaishusha kona ya godoro. Akasema, "Kaa basi," nami nikasema naitwa nyumbani, nikatoka mbio mpaka viatu nikaviacha kwake, na mpaka leo viko huko na siwezi kuvifuata. Nifanye nini, Mama Akanesi? Nakuomba usitaje jina langu.

Mwenye Namba, Hihifo

*

Mwenye Namba,

Jina lako nimelificha, ingawa sijui kwa faida ya nani, kwa kuwa kisiwa kizima cha Tongatapu hakuna ngatu nyingine yenye leseni ya kompyuta.

Kwanza pole kwa baba. Sasa tuelewane.

Kwa kuandika kwenye ngatu sikulaumu. Nimepitiwa na vimbunga vitatu, vimenichukulia paa, jiko na cheti cha ndoa, na ngatu zangu zote ninazo. Ulichosahau, binti wa Kitonga mzima, ni kwamba ngatu haikai kwa aliyeitengeneza. Inatoka kwenye harusi inaingia kwenye msiba, inatoka kwenye msiba inakwenda kwa fahu. Umeandika siri yako kwenye kitu pekee nyumbani kwenu ambacho kazi yake ni kutolewa!

Ya pili ni godoro. Mwalimu wa watu, umri huo, unapiga magoti na kuinua godoro lenye fahu juu yake? Na kama angeviringika akagonga ukuta, ungeniandikia barua gani? Mwambie na Sesilia wazo lake lina akili, na ndiyo maana silipendi.

Mama yako kasema kweli, fahu hadaiwi. Lakini nani amekutuma umdai? Wewe huitaki ngatu, unataka kusoma mstari mmoja pembeni, na ukishasoma ngatu inabaki pale pale. Umemwambia fundi, umemwambia mama, umemwambia Sesilia, umekimbia na baiskeli mpaka kijiji cha pili, umeniambia na mimi. Mtu mmoja tu hujamwambia.

Na huyo mmoja alikuambia ukae.

Isome tena barua yako, umeandika mwenyewe. Alishajua kuna mtu anahangaika na godoro lake, hakukufukuza, hakupiga kelele, alisema "Kaa basi," na wewe ukaacha viatu. Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli kweli.

Mimi pia ni shangazi. Kaka zangu wamezaa kumi na mmoja. Wananipa nguruwe mkubwa, wananipa mkeka wa mbele, wananipa ngatu, kisha wanarudi kinyumenyume wameinama mpaka mlangoni, na wanakwenda zao. Chini ya godoro langu ziko tisa. Heshima ni nzuri na sina nia ya kuirudisha. Lakini tangu kaka yangu mdogo afe, hakuna mtoto wake hata mmoja aliyekaa na mimi mpaka chai ikapoa, na wote wanaogopa kunikosea, na mimi naumia. Shangazi yako hajakufichia kitu. Amelalia ngatu ya msiba wa kaka yake, wewe ukapita hapo ukitafuta namba.

Sasa fanya hivi. Pika lū, nyama iliyofungwa kwenye majani ya majimbi, weka tui la kutosha, usimpelekee ya kopo. Kaa chini sakafuni kama inavyopasa, umweleze yote, na la godoro usiliruke. Simu iache nyumbani, maana najua unachofikiria: picha moja, sekunde moja, kwaheri. Beba kalamu na daftari. Mwombe aikunjue mwenyewe na akusomee mwenyewe, herufi moja moja. Miwani yake si mizuri, atakosea, atarudia, katikati atakumbuka baba yako alipokuwa mdogo, na wewe utaandika na hilo. Ishirini na tano ni mchana mzima ukienda taratibu. Ukitoka, nakili namba mara mbili, moja ibaki kwa Lafaele, na nyingine mwachie shangazi akutunzie, kwa kuwa kwake hakuna kinachopotea. Ukifaulu, cheti akione yeye kabla ya mkuu wa shule.

Na usijiulize utaanzaje. Uliniomba nifiche jina lako. La shangazi yako umelitaja mwenyewe, wala sikulifuta. Gazeti hili hufika duka la Hihifo saa mbili asubuhi, na Fusi ni msomaji wangu wa miaka kumi na tisa. Sasa hivi ameshamaliza barua yako, amebandika chai, na viatu vyako ameviweka mlangoni. Nenda ukakae.

Mama Akanesi