Kundi Lililopita Kimya

Jumanne, 14 Aprili
Niko dunguni tangu alfajiri, nafukuza ndege. Mtama wangu unatia maziwa kwenye punje, wa jirani yangu Zuhura ng'ambo ya kijito vilevile. Nimepiga makopo hadi mkono umekufa ganzi. Wamepita njiwa, nikawajua kwa kivuli tu: kifua kinene, mabawa ya haraka. Bado nimo.

Lakini chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, alikuwa kwenye ua la mgomba nyuma ya nyumba. Nilimwona anafungua mdomo, koo linatetemeka. Sikusikia kitu. Ni hivi tangu Ramadhani. Sauti nyembamba zimenikimbia. Sijamwambia mtu. Hapa Nyangamara mimi ndiye ninayeulizwa ndege gani anapita. Nikisema kwelea, watu wanakimbilia mashambani. Nikisema siyo, wanakaa. Nitawaambiaje?

Alhamisi, 16 Aprili
Jioni kundi kubwa limepita juu, jua linanipiga machoni. Umbo sikulipata. Nikatega sikio. Kwelea hawajui kunyamaza, kundi lao hupita na zogo kama la gulioni. Mbayuwayu wakiwa juu hawana makelele. Kwangu kimya kabisa.

Zuhura alikuwa ukingoni mwa shamba lake. Kesho anakwenda Mtanda, harusi ya mtoto wa dada yake.

"Dada, wale nao nini? Niende au nibaki?"

Nikamwambia mbayuwayu hao, nenda ukacheze.

Nimejibu upesi mno. Najijua ninapojibu upesi.

Jumamosi, 18 Aprili
Walikuwa kwelea. Waliingia kwa Zuhura jana asubuhi, yeye kashaondoka. Nilivuka kijito na makopo, kanga nimeifunga kiunoni, napiga kelele peke yangu. Wanainuka, wanajiviringisha kama moshi, wa nyuma wanaruka juu ya wa mbele, wanatua palepale. Midomo yote wazi. Mimi nasikia mvumo wa mabawa tu.

Leo wamerudi kumalizia. Kwangu wamegusa pembeni. Afadhali wangekula wangu.

Jumapili, 19 Aprili
Zuhura karudi. Alishika suke moja, akalipukusa mkononi, yakatoka makapi. Hakulia. Baadaye akaja kunishukuru kwa kuhangaika na makopo. Kunishukuru! Na maandazi ya harusi kaniletea, kayafunga kwenye leso. Nikayapokea. Nimekula mawili. Sina haya.

Jumatano, 22 Aprili
Dukani, Mzee Chilumba na mdomo wake. Eti Zuhura kafuata pilau Mtanda, mtama kawaachia ndege. Watu wakacheka. Zuhura mwenyewe akasema ni kweli, kosa lake.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nimeshika sabuni. Nililipa, nikaondoka. Njia nzima naona aibu hata kumwitikia anayeniamkia. Watoto wananiambia shikamoo, na mimi marahaba. Marahaba ya nini?

Alhamisi, 23 Aprili
Sijala. Nilifika hadi kijitoni, nikarudi.

Ijumaa, 24 Aprili
Nimekwenda. Alikuwa anachambua mchicha mlangoni. Nimemwambia yote: jua, sikio, chozi, Ramadhani. Kwamba niliogopa kuonekana mzee asiyefaa kitu. Hakuinua macho. Nikasema mtama wangu upande wa kijito ni wake, avune yeye.

Alipomaliza fungu la mchicha ndipo akasema, "Ungesema hujui, dada. Basi. Ningebaki."

Kisha akasema ana kazi. Kunisindikiza hata hatua moja, hakunisindikiza. Sawa. Nilistahili zaidi ya hapo.

Jumatatu, 27 Aprili
Jioni kundi tena. Juu, jua machoni, kama siku ile. Mzee Chilumba akaita kutoka njiani, "Bi Somoe, nini wale?" Watu wakasimama wananisubiri, majembe begani.

Nikasema sijui. Nikasema tena kwa nguvu, maana mara ya kwanza ilitoka kama kikohozi. Sijui, masikio yangu yamekwisha, msinitegemee.

Kopo la kwanza likalia upande wa kijito, ndani ya mtama wangu. Zuhura. Wengine wakatupa majembe, wakakimbilia kwao, nami nikapiga la kwangu. Kundi likapita bila kutua. Mpaka sasa sijui walikuwa ndege gani.

Hatukusalimiana. Lakini kopo lake nalisikia vizuri.