Nilikataa Mara Mbili Tu

Mkahawa wa Solveig,
Mtaa wa Tano Magharibi,
Duluth, Minnesota.
Jumapili, 23 Septemba 2018

Mpendwa mdogo wangu Ardis,

Pokea salamu zangu kutoka huku kaskazini, ambako jana asubuhi nilikwangua barafu ya kwanza kwenye kioo cha gari na majani hata hayajaanguka yote. U hali gani? Shemeji Gordon anaendeleaje na lile goti lake? Na wajukuu, wamekwisha kurudi shule? Mimi ni mzima, ila miguu huvimba ikifika Ijumaa jioni, na kiwiko bado kinanikumbusha lile karai la mafuta lililoniunguza. Sina la kulalamika.

Nimeona afadhali niandike kuliko kupiga simu. Kwenye simu wewe huniuliza jambo, nami hujibu kabla sijafikiri. Jumatano uliniuliza tena kuhusu chumba cha nyuma, kile ulichokipaka rangi ya manjano ukiningoja. Ulisema kuna mwalimu anataka kukipanga kuanzia Oktoba mosi, na Ijumaa hii inayokuja anataka jibu. Ukataka kujua kama umpe, au mimi nitakuja. Nikasema mpe tu, usijisumbue kwa ajili yangu. Jambo hilo nitalirudia. Kwanza nikupe habari za hapa, maana bila hizo utaniona nimechanganyikiwa.

Habari ya kwanza ni kwamba mkahawa wa Mama umekuwa maarufu. Usicheke. Mwezi wa sita alikuja binti mmoja aitwaye Kirsten, anayeandika kwenye mtandao kuhusu mahali pazuri pa kula katika miji yetu hii. Ana akili yule. Haendi kwanza mikahawani. Huenda kwa fundi wa magurudumu, kwa msusi, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa baada ya mazishi, popote watu wanapokaa kungoja, na kuwauliza wao wenyewe hula wapi wakilipa kwa pesa zao. Wote walitaja Mkahawa wa Solveig. Basi akaja, akakaa karibu na Wendell Maki. Huyo unamkumbuka, yule aliyekuwa akifanya kazi kwenye gati la madini. Alistaafu zamani, na tangu hapo stuli iliyo karibu na meza ya malipo ni yake.

"Samaki wa hapa vipi, mzee?" akamuuliza.

"Si wabaya."

"Na supu?"

"Nimeshakula mbaya kuliko hiyo."

Binti kazaliwa Hibbing, huku huku kaskazini, kwa hiyo alijua kwamba mwanamume wa huku akifika hapo ameshamwaga moyo wote. Akaandika majina kumi na mawili ya mikahawa ya Duluth, na letu likawa la kwanza. Aliusifu mkate mweusi, na supu ya kuku na mchele-mwitu, na samaki wa Ijumaa. Hata saladi ya kabichi aliisifu, nami huwa naitengeneza huku nikifikiria mambo mengine.

Tangu hapo sina raha. Foleni inapita mlango wa kinyozi. Wanatoka Minneapolis, wanatoka Chicago, wanapiga picha sahani mpaka chakula kinapoa, halafu wananiomba nikipashe moto. Samaki niliokuwa nanunua makreti mawili sasa nanunua matano. Ijumaa moja ya mwezi wa saba Wendell alikuta mgeni kakalia stuli yake. Unadhani alisema neno? Alisimama nyuma yake dakika arobaini na kofia mkononi. Mgeni akamdhani mhudumu, akamwagiza maji, na Wendell akaenda akamletea, na barafu akatia.

"Ungemwambia ni mahali pako," nikamwambia baadaye.

"Aa, alikuwa ameshakaa. Halafu alikuwa na kiu."

Najua wewe unacheka. Ulikuwa unatucheka hata zamani, ndiyo maana uliweza kuondoka. Mimi nina miaka sitini na minne, Ardis. Niliingia jiko lile nina kumi na saba. Ulipoolewa ukaenda zako Arizona, Mama aliniambia nimshikie mkahawa mpaka majira ya kuchipua, halafu na mimi nitafute maisha yangu. Hiyo ni miaka thelathini na mmoja. Mama mwenyewe huu ni mwaka wake wa tano kaburini, na mimi bado namshikia. Kila mtu anayeingia ananipongeza. Wananishika mkono, wanasema nisiache kamwe, nami natabasamu, na kila anayeniambia hivyo namwona kama anapigilia msumari mwingine mlangoni.

Sasa nikuambie lile nililokuficha. Mwezi wa nne, kabla ya huyo binti, alikuja mnunuzi.

Anaitwa Colin Pruett, mtu wa Denver, kijana wa miaka arobaini hivi, mpole, viatu vyake safi mno kwa tope la wakati ule. Alikula samaki, akala pai, akatazama dari na vile vibao vya zamani alivyotundika Baba ukutani, kisha akaniita.

"Mama, mimi napapenda hapa. Unaweza kuniuzia?"

Nikasema, "Ah, hapana. Nani atake kibanda kama hiki?"

"Mimi nakitaka. Jina nitaliacha, wafanyakazi nitawaacha. Taja bei yako, sina haja ya kubishana."

"Hapana, bwana, nisije nikakusumbua bure."

Nikamwongezea kahawa, nikabaki nimesimama na birika mkononi, nikingoja. Wewe unajua nilichokuwa nangoja. Mara ya kwanza unakataa kwa adabu. Mara ya pili unakataa ili kumwachia mtu nafasi ya kurudi nyuma, ikiwa alikuwa anasema kwa upole tu. Mara ya tatu unasema haya basi, kama kweli huna shida. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, hivyo ndivyo tunavyokula hata keki. Majuzi tu kwenye ukumbi wa kanisa kipande cha mwisho kilikatwa nusu, nusu ikakatwa nusu, mpaka kikabaki kidogo kama kidole, na bado hakuna aliyekichukua.

Bwana Pruett akafuta mdomo, akasimama. "Nimekuelewa, mama. Nakuheshimu sana kwa hilo." Akaacha bakshishi nzuri, akatoka. Mimi na birika langu tukabaki palepale.

Nilijiambia atarudi. Kila kengele ya mlango ilipolia nilitoka jikoni nikijifuta mikono. Baada ya majuma matatu nikasikia amenunua lile duka la viatu la zamani kule chini ya mlima, analigeuza mkahawa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini?

Mwezi wa nane nikajaribu njia nyingine. Nilichukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa nikabandika mlangoni: TUNAFIKIRIA KUFUNGA MWISHO WA OKTOBA, IKIWA HAKUNA ATAKAYESUMBUKA. Niliiona ni kali sana. Usiku nilipata usingizi mzuri. Asubuhi Wendell aliisoma, akavua kofia, akaisoma tena.

"We Marlys, mimi ningesumbuka kidogo," akasema. "Lakini usinijali mimi."

Bernice wa posta naye akasema yeye angesumbuka, ila si sana, angezoea kula mkate mkavu nyumbani kwake peke yake. Kufika saa sita niliibandua karatasi mwenyewe. Nilimpa Wendell supu bila kumtoza.

Lakini Ijumaa iliyopita, juzi hii, ndiyo iliyonifikisha kwenye kalamu. Bwana Pruett alikuja kula. Alipanga foleni kama wengine, yeye na mkewe, nami nikawapelekea sahani mwenyewe.

"Hongera sana, mama," akasema. "Kumbe ulijua unachokifanya. Ulifanya vizuri kukataa."

Nikauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama bado ana haja ya mahali pengine. Akacheka kwa huruma. Pesa zote zimeishia kwenye lile duka la viatu, hata paa bado linavuja.

"Siku ile ningesaini kabla kahawa haijapoa," akasema. "Lakini ulikataa."

"Nilikataa mara mbili tu," nikamwambia.

Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Huyu mama ana vituko." Wakacheka wote wawili, watu wazuri, hawana kosa lolote.

Niliweka sahani mezani, nikaenda kwenye chumba cha baridi, nikafunga mlango, nikakaa juu ya gunia la viazi. Nililia, Ardis. Sikulia hivyo hata siku ya mazishi ya Mama. Nilitazama makreti ya samaki na ndoo za siagi nikaona kwamba hapo ndipo nitakapofia, na watu watasubiri kidogo nje wakidhani natafuta kabichi. Kisha wakaniita, meza ya tisa wanataka mkate, nikatoka nikawapelekea.

Nikiwa nimeshika mkate ule ndipo nilipokukumbuka wewe, na hofu ikanishika. Jumatano uliniuliza, "Nimpe huyu mwalimu?" Nikasema mpe. Ukauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika, mimi nitakuja kufanya nini huko na joto lile. Kisha nikabaki na simu sikioni, nikingoja. Nawe ukasema sawa, ukaanza kunieleza habari za michungwa yenu.

Miaka thelathini na mmoja ni mingi. Mama angeuliza tena. Shangazi Lorraine angeuliza mpaka asubuhi. Wewe umeishi na watu ambao mtu akisema hapana wanamwamini, na labda hivyo ni bora, sijui. Sikulaumu. Lakini nimeogopa kwamba umekwisha kuwa mtu wa huko, na kwamba Ijumaa utampa mwalimu ufunguo ukidhani unanifanyia hisani.

Barua hii ni ya tatu. Zile mbili nimezichana, kwa sababu katika zote nilikuta nimeandika "kama si usumbufu". Hii nitaipeleka posta ya haraka kesho kabla sijawasha majiko, na Bernice nitamwambia asiniruhusu kuiomba irudishwe. Na ukinipigia simu kuniuliza tena, nami nikajibu nitakavyojibu, usinisikilize. Shika karatasi hii.

Jinsi nitakavyotoka hapa sijui. Mnunuzi sina. Nimemwahidi mvuvi kwamba nitanunua makreti yake mpaka mwezi wa pili, maana alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye mvua na niliona aibu kumwambia vinginevyo. Wendell sijui atakula wapi. Nikifikiria hayo yote naona mlango uko palepale, wazi kutwa nzima, watu wanaingia na kutoka, na ni mimi tu nisiyeweza kuupita. Labda itakuwa Krismasi. Labda Pasaka. Kodi ya huyo mwalimu mnaihitaji, hilo najua, na kuwaomba mngoje ni kuwaongezea mzigo. Nawaomba hata hivyo.

Nisalimie sana shemeji Gordon, mwambie goti alipake mafuta ya moto asione aibu. Nisalimie mwanao Todd na mkewe, na wale mapacha wabusu kwa niaba yangu. Shangazi Lorraine anawasalimu kutoka nyumba ya wazee, bado anawasema wauguzi. Wendell naye, nilipomwambia nakuandikia, alisema nikuambie kwamba hukuwa mtoto mbaya. Mungu awafunike, awape afya, na mvua kidogo hapo mlipo.

Chumba nakitaka, Ardis. Mwambie mwalimu kina mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,
Marlys