Nyumba ya Pumzi Mwaloni Nyegezi

Jumatatu, 3 Machi 1997
Wewe mwanamke, ulikuwa wapi? Tangu Krismasi hujafungua daftari hili. Kalamu ipo, macho yapo. Herufi ulizipigania kisomoni uzeeni, mjukuu mgongoni, leo unaziacha zioze. Msomaji wa humu ni wewe peke yako, na hata wewe huji. Aibu.

Haya, andika.

Nimeanika dagaa mchangani asubuhi. Mvua saa nne. Wameharibika wote. Bwana wa ofisi ya kata akaja na viatu vyake vyeupe, akasema dagaa wa mchangani ni uchafu. Ijumaa tarehe 21 akute banda la kuanikia, la sivyo mwalo wetu wa kushushia samaki atapewa mwenye kiwanda cha minofu. Na tofali ufukweni marufuku. Kukata miti marufuku. Tujenge kwa mate? Nina hasira mpaka masikio yanawaka.

Alhamisi, 6 Machi
Nyamizi kaja, binti wa marehemu mwanangu. Anashona maturubai ya malori kule Mkolani. Anataka kubandika nailoni mbili kwa gundi ya viraka, ajaze upepo katikati, isimame iwe banda. Nyumba isiyo na nguzo! Nimecheka mpaka nikakaa chini. Akaniuliza bondo la sangara, kile kifuko cha tumboni, lina nini ndani, mbona linambeba samaki mzito kuliko mimi. Upepo, nikamwambia. Mabondo nimeyatoa matumboni mwa samaki miaka na miaka. Sikuwahi kuwaza kukaa ndani yake.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa tumejaza. Wanawake wote wa mwalo, pampu mbili za baiskeli, kwa zamu. Mabega yanauma. Imeinuka taratibu kama tumbo la ng'ombe aliyevimbiwa. Vichanja ndani, dagaa juu yake. Mvua ikapiga. Hakuna tone. Nimeimba kwa sauti, anayekereka akereke.

Jumanne, 11 Machi
Imelala chini. Kosa langu. Nilipata samaki gogogo wa mboga, nikaliegemeza karai lake kwenye ukuta wa banda. Na miiba ile ya gogogo! Tundu moja, nyumba nzima juu ya dagaa. Wavuvi wanasema Bibi kaua nyumba kwa sababu ya kitoweo. Mwenye kiwanda kapita na gari lake, kapunga mkono.

Nilitaka kumsingizia mbuzi. Nimemwambia Nyamizi ukweli. Kalia.

Gogogo nimemla hata hivyo. Mwiba nimeutunza.

Ijumaa, 14 Machi
Gugumaji limeziba njia ya mitumbwi. Tumeling'oa huku tunalitukana. Nikavunja bua lake, lile lililovimba. Ndani vyumba. Vidogo vidogo, havihesabiki, kila kimoja na upepo wake. Nikalichoma sindano, nikalitupa majini. Linaelea. Nikalikata nusu. Nusu inaelea.

Nimetuma Nyamizi aitwe. Nikamwonyesha.

"Nyumba yako ina pumzi moja," nikamwambia. "Hili shetani lina pumzi mia. Kata upya."

"Bibi, zimebaki siku saba."

"Saba ni nyingi. Shika mkasi."

Jumatano, 19 Machi
Gundi imenibandua ngozi ya vidole. Vyumba thelathini na sita, vyembamba, vimepinda kama mbavu za sangara. Kila kimoja kina mdomo wake wa tyubu ya baiskeli, umefungwa kwa uzi wa nyavu. Mgongo hauna hali. Siondoki hapa.

Ijumaa, 21 Machi
Wamekuja wote wawili. Bwana wa ofisi kazunguka, kachungulia. Mwenye kiwanda kacheka.

"Puto hili, mama. Mwiba mmoja tu, mmelala."

Nikafungua pindo la khanga, nikatoa mwiba wa gogogo. Nikachoma mbele ya macho yake. Chumba kimoja kikalegea. Vingine vyote vimesimama. Nikachoma cha pili. Hata dagaa hawakutikisika.

"Endelea wewe," nikasema, nikamnyooshea mwiba. Hakuupokea.

Bwana wa ofisi kaandika: banda lipo. Nimesimama nyuma ya bega lake nikisoma herufi moja moja mpaka mwisho. Alishangaa. Mwalo ni wetu.

Jumapili, 23 Machi
Mvua tangu asubuhi. Nimekaa ndani na dagaa. Vile vyumba viwili vimetiwa viraka. Ziwa limesogea hatua chache. Likifika mlangoni tutatoa upepo, tukunje, tupande juu kidogo. Hatukuchimba shimo hata moja. Gugumaji nalo hufuata maji, halibishani nayo.

Nyamizi kalala mapajani kwangu, mtu mzima yule. Anakoroma. Mke mwenzangu huyu.

Wewe mwanamke, siku ukirudi kwenye daftari, usianze na kalamu. Zunguka kwanza. Bonyeza kila chumba kwa kidole gumba. Kilicholegea, kijaze. Halafu nawa gundi, ukae, uandike.