Jumanne na Alhamisi Ni Zangu

Jumanne, 13 Januari 2009

Farsta tena, kwenye klabu ya upanga. Metro kutoka Akalla, tunakokaa, hadi katikati ya mji, kubadilisha treni, halafu mstari wa kijani karibu hadi mwisho. Mbali, ndiyo. Naupenda umbali huo. Hakuna mtu wa kanisani kwetu anayekaa huko.

Jioni nzima tulirudia pigo la kwanza tu. Unapiga magoti, unachomoa upanga, unakata hewa iliyo mbele yako, unaurudisha alani polepole bila kuutazama. Upanga wenyewe hauna makali. Birgitta, mwalimu wetu, mama mwembamba wa miaka sabini hivi, alipita nyuma yangu akanigusa bega. Bega likashuka. Akaendelea na wengine.

Mgongo hauumi. Nilipoanza sanaa hii ya Wajapani, miaka miwili iliyopita, sikuweza kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Sasa nalala. Nazunguka shule kwa shule nikiwafundisha watoto wa kwetu Kiswahili, na siwafokei tena. Msimu huu barafu ya mbele ya jengo haijaniangusha hata mara moja. Nimejua kusimama.

Alhamisi, 15 Januari

Deo amebadilishiwa zamu. Miaka yote tuliyokaa nchi hii mume wangu amefanya kazi usiku, ghala la mizigo kule Märsta. Mimi nikala peke yangu, nikamlaza mtoto peke yangu. Sasa ni zamu ya mchana. Jioni yuko nyumbani. Anafungua friji, anaifunga. Ananifuata jikoni, ananifuata sebuleni. Leo akauliza nakwenda wapi, kana kwamba hajui.

Huyu ndiye aliyeuita upanga wangu "kufukuza nzi". Mbele ya wageni. Si mara moja.

Jumapili, 18 Januari

Kanisani. Baada ya ibada, kahawa na mandazi, wanaume kona yao. Nikamsikia Deo akiwaambia wenzake, "Sisi wiki hii tunaanza upanga."

Sisi.

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakiweka chini nisije nikakirusha.

Kumbe alimpigia Birgitta simu wiki iliyopita. Naye akamkaribisha, angefanya nini, klabu inatafuta watu kila siku. Mimi sikuulizwa. Nimeyasikia kona ya wanaume pamoja na mandazi. Nina hasira mpaka taya zinauma.

Jumanne, 20 Januari

Amekuja. Aliongea njia nzima, vituo vyote. Saa hiyo ya metro huwa sisemi na mtu. Natazama nje dirishani, basi.

Ukumbini aliwachekesha wote kabla hajavua koti. Kiswidi chake kibovu kuliko changu, lakini watu humpenda mara moja. Alikuwa hivyo tangu Bukavu. Hata mimi ndivyo nilivyonaswa. Birgitta akasema anasimama vizuri, kama mtu aliyezoea. Siku ya kwanza! Mimi hajawahi kuniambia hivyo.

Kisha bwana mmoja tunayefanya naye mazoezi tangu mwanzo akaniuliza kama mke wa Deo anaweza kumsogezea mkeka. Miaka miwili nilikuwa Zawadi. Imetosha jioni moja.

Alhamisi, 22 Januari

Amekuja tena. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 24 Januari

Chakula cha jioni. Deo akachukua mwiko akaanza kumwonyesha Neema mapigo, katikati ya jikoni, sombe, kisamvu chetu, ikidondoka sakafuni. Neema akacheka mpaka machozi. Ana miaka kumi na saba na hajawahi kuniuliza mimi nafanya nini kule Farsta.

Nikamwambia Neema kwa Kiswahili afute sakafu. Akanijibu kwa Kiswidi kwamba nilipaswa kufurahi, baba yake hatimaye ana kitu cha kufanya pamoja nami.

Nikashuka chumba cha kufulia cha jengo. Haikuwa zamu yetu ya kufua. Nikakaa pale nikitazama nguo za watu zikizunguka. Nilijaribu kupumua kama tunavyofundishwa. Haikusaidia. Labda ilisaidia kidogo, maana sikurudi juu kuvunja sahani.

Jumanne, 27 Januari

Siku mbaya.

Leo panga za mti, watu wawili wawili. Birgitta akanipanga na Deo. Kazi yake ilikuwa kushambulia polepole, yangu kusogea pembeni na kukata. Hakuna la zaidi. Yeye akafanya mzaha, akanguruma kama simba. Wote wakacheka. Mara ya pili akasimama, akashusha upanga wake, akanisahihisha kwa sauti mbele ya watu: "Legeza bega, mama Neema."

Bega langu. Bega ambalo nimelihangaikia miaka miwili.

Aliposhambulia tena sikusogea. Niliupiga upanga wake kwa nguvu zangu zote. Ukamtoka mikononi, ukaruka, ukagonga benchi. Akajishika vidole.

Birgitta hakupaza sauti. Alituambia tuinamiane, kisha akanielekeza nikakae pembeni. Nikakaa kama mtoto aliyeadhibiwa, mahali pangu, mbele ya Deo. Alipata mwenzi mwingine, akaendelea.

Metro nzima leo hakuongea. Afadhali.

Jumatano, 28 Januari

Nimesema.

Nilimkuta jikoni akimenya viazi. Siku nyingine ningeanza kwa kufoka, naye angenichekesha, ikaishia hapo. Leo nilisimama mlangoni mpaka pumzi ikatulia. Kisha nikasema mara moja tu.

"Baba Neema, kule Farsta ni kwangu. Sitaki uje tena."

Akauliza, "Nimekukosea nini?"

Nikamwambia kila mahali mji huu mimi ni mke wa mtu, mama wa mtu, mwalimu wa watoto wa watu. Pale nilikuwa mimi tu, na yeye ameingia bila kubisha hodi.

Akaendelea kumenya. Kiazi kikabaki kidogo kama yai la njiwa. Mwishowe akasema, "Nikirudi, nyumba iko kimya. Neema amefunga mlango wake. Wewe unavaa koti. Nikaona huko unakokwenda kuna watu."

Nilimhurumia. Nakiri. Lakini nilikumbuka pia miaka ile ya zamu za usiku, na ukimya wangu ambao hakuna aliyeuulizia. Nikamwambia hilo nalo. Akasema hakujua. Nikamwambia hakuuliza.

Sikuyarudisha maneno yangu. Vidole vyake viwili vimevimba. Nilimpa barafu.

Alhamisi, 29 Januari

Nilikwenda peke yangu. Nilimwomba Birgitta msamaha kwa lile pigo. Akaitikia kwa kichwa, akaniweka mstari wa mbele. Yule bwana aliulizia Deo yuko wapi. Nikasema haji. Akasema, sawa, Zawadi.

Magoti, pumzi, upanga. Bado nina hasira, lakini niliurudisha upanga alani bila kuutazama.

Niliporudi, televisheni ilikuwa ikionyesha mpira wa mikono. Deo na Neema kwenye kochi, baba akiuliza sheria kwa Kiswahili, mtoto akimweleza kwa Kiswidi, wakibishana. Hawakunisikia nikivua viatu.

Baadaye Deo aligeuka, akasogea kidogo.

"Umekula?"

Nikasema bado. Hakuuliza jingine. Nilipakua wali, nikaja kukaa.