Nafula na Firigisi

Kabras, Jumamosi, Agosti 1994

Bado nina hasira na kaka yangu Wekesa. Kuku wa kutukaribisha nyumbani kutoka Uingereza alipoletwa mezani, binti yangu Nafula akachukua firigisi. Hakujua kwamba kwetu huliwa na mwenye boma.

"Dada, huyu mtoto humfundishangi adabu?"

Nikakosa pa kuficha uso. Nafula akaikata katikati, nusu akampa mjomba wake, nusu akampa mama yangu, kukhu yake, yaani nyanya.

"Kukhu, si wewe ndiye umepika?"

Mama amepika kuku maisha yake yote, firigisi hajawahi kuionja. Akatafuna polepole, akimtazama Wekesa.

"Kumbe ni tamu hivi!"

Kesho tunaenda Shianda kwa shangazi, na habari itakuwa imeshafika. Na ifike. Huyo mtoto ni wangu.